Maneno ya Mwamuzi: Juu ya Kupima Filamu za Wanafunzi

Kazi ya mwanafunzi wa filamu haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka imeonyeshwa mbele ya waamuzi. Picha ikiisha taa huwashwa, watu wazima wawili au watatu hugeuza viti vyao, na kijana aliyekesha siku nyingi akikata na kuunga vipande vya picha hungoja kuambiwa. Yale aambiwayo katika dakika chache zifuatazo aghalabu ndiyo yamfanyayo airudie kazi yake au aitupe kabatini. Maneno hayo ni ya Kiswahili, nayo yafaa yachunguzwe na wale waichunguzao lugha hii, kwa sababu sehemu kubwa ya udhaifu wake ni ya kisarufi.

Vitenzi vya kazi hii ni vingi, na kila kimoja kina tabia yake. Kuamua, alikotoka mwamuzi, ni pia kuwatenganisha wanaopigana. Mwamuzi wa namna hiyo husimama kati ya watu, hasimami juu yao. Kusahihisha ni kulifanya jambo liwe sahihi, nalo ladhani kwamba jibu lilikuwako kabla ya swali, kama katika daftari la hesabu. Kukosoa ndiko kwenye ajabu zaidi. Kwa umbo lake, kitenzi hiki chaelekea kuwa kinyume cha kukosa, kwa -o- ile ile ya kutendua ionekanayo katika chomoa iliyotokana na choma. Yaani kukosoa ni kuondoa kosa. Lakini katika mazungumzo ya leo amkosoaye mwenziwe humwonyesha kosa na kumwachia hapo hapo. Maana imebaki nusu, na nusu iliyopotea ndiyo mwanafunzi aliyoihitaji.

Hata hivyo, kitenzi kinachotajwa katika ratiba ya chuo si kitu kikubwa. Kikubwa ni sentensi zenyewe. Waamuzi husema: "Filamu haieleweki." "Haivutii." "Haina mtiririko." Neno la kwanza ni kauli ya kutendeka, na kazi ya kauli hiyo yajulikana: humwondoa mtendaji. Kikombe kimevunjika, wala haulizwi aliyekivunja. Vivyo hivyo filamu "haieleweki", na yule mtu mmoja ambaye hakuelewa, akiwa ameketi katika kiti fulani, kwenye dakika fulani, ametoweka katika sentensi. Kilichokuwa habari ya mtazamaji kimegeuzwa kuwa sifa ya kitu, tena sifa ya kudumu. Mwanafunzi hana la kufanya nayo, ila kukubali au kununa. Sifa njema zina ugonjwa uo huo: "imependeza sana" haimwambii kijana ni kipi asikiguse atakapoikata tena.

Na ichukuliwe filamu ya kubuni, ya dakika saba, iliyopigwa Zinga, kando ya barabara iendayo Bagamoyo kutoka Dar es Salaam. Msichana anamngoja baba yake pwani. Ngalawa zinarudi, watu wanakusanyika kwenye mnada wa samaki, baba haonekani. Mama anainua tenga na wote wawili wanapanda kuelekea barabarani wakisemezana. Mwamuzi mmoja asema: "Sauti ni mbaya." Mwingine asema: "Tangu mama alipoinua tenga hata walipofika barabarani, upepo ulimeza maneno. Nililisikia neno 'baba' mara moja tu, nikadhani amekufa. Je, amekufa?" Wote wawili wamesikia upepo ule ule. Lakini sentensi ya pili ina mwenyewe, ina wakati, ina mahali, na inasema lililotokea kichwani mwa msikilizaji. Kwayo mwanafunzi aweza kuchagua: kuirekodi upya sauti mahali pasipo upepo, au kuyaondoa maneno yote na kuuacha uso wa mama useme, au hata kuliacha shaka hilo la kifo kama lilivyo, ikiwa ndilo alilolitaka. Mwamuzi hakumchagulia. Wako waamuzi ambao, wakipewa nafasi, huisimulia filamu ambayo wangaliitengeneza wao. Kijana hutoka na filamu mbili kichwani, na ile isiyo yake ndiyo yenye maksi.

Swali la "Ulitaka tuone nini?" ni jema, ila liulizwe baadaye. Akiisha kuijua nia ya mtungaji, mwamuzi huanza kuyaona hata yasiyokuwamo.

Juu ya jambo hili kipo kisa mashuhuri, kilichosimuliwa mwaka 1961 na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, na kurudiwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962. Afisa mmoja wa afya alitengeneza filamu ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika kuondoa maji yaliyotuama majumbani. Ilionyeshwa polepole sana mbele ya watu thelathini na kitu. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba mlikuwa na kuku. Iliwapasa kuikagua picha kwa picha, ndipo wakamwona akipita kwenye pembe ya chini kwa muda wa nukta moja hivi. Wilson aliona hapo dalili kwamba watu wale hawajajifunza kuitazama picha yote kwa pamoja. Fikira hiyo ilikuwa jamaa ya ile ya William Sellers wa Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa mwaka 1939, ambaye alishika kwamba Waafrika waonyeshwe picha za taratibu, zisizo na hila za kamera. Lakini kisa chaweza kusomwa kwa upande wa pili. Watazamaji wale waliulizwa wameona nini nao wakasema kweli. Waliokuwa hawajaitazama picha yao yote ni wenyewe waliyoitengeneza. Mwamuzi wa filamu za wanafunzi hana kazi iliyo bora kuliko kumtaja kuku.

Wataalamu wa lugha, wakialikwa kuwa waamuzi, wana mtego wao. Masikio yao huenda moja kwa moja kwenye sarufi. Mama wa Zinga akisema kama wasemavyo Wakwere na Wazaramo wa huko, huandikiwa "lugha si sanifu". Basi mwaka wa pili mama yule yule, huku samaki wakimchuruzikia begani, humwambia binti yake maneno ambayo hayajapata kutamkwa ila na msoma habari. Mazoea haya yana historia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisoma miswada ya vitabu na kuipa ithibati. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1964. Vitabu vya shule vilihitaji ithibati. Kinywa cha mhusika hakiihitaji. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama mtu huyu, mahali hapa, akiwa na hofu hii, angalisema hivi.

Kutoa tuzo ni jambo jingine. Katika Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, waamuzi hawana budi kuchagua moja ya kulipa Jahazi la Dhahabu, na hapo hesabu za kulinganisha zina haki yake. Darasani maksi humweleza mwanafunzi nafasi yake kati ya wenziwe, hazimwelezi mahali upepo ulipoingia.

Tena adabu ya pwani haipendi mtu aumbuliwe hadharani, na waamuzi wengi, kwa kuiheshimu, huyapunguza maneno yao mbele ya watu hata yakawa hewa tupu. Heri waseme kwa sauti yale waliyoyaona, na mengine wayaandike. Karatasi hiyo itaje dakika na nukta ya kila jambo, kwa maana huenda kijana akaketi kuikata upya filamu yake baada ya miezi miwili, peke yake, na mwamuzi hayupo wa kuulizwa alikuwa na maana gani.