Lamadi: Mji Uliobanwa na Ziwa, Hifadhi na Mpaka wa Mkoa

Lamadi ni mji mdogo katika Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, kwenye njiapanda ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma na barabara ya kwenda Bariadi. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Upande mwingine unaanza ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambao lango lake la Ndabaka liko kandokando ya barabara hiyo kuu. Mto Mbalageti hutoka ndani ya hifadhi na kuingia ghubani jirani na hapo. Ukiendelea kaskazini hukawii kufika Bunda, mkoani Mara.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, Lamadi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Magu, Mwanza. Leo Busega ndiyo wilaya pekee ya Simiyu inayogusa ziwa, ilhali Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa, unamwaga maji yake upande wa Magu, nje ya mkoa.

Kilichoukuza mji ni njiapanda na mwalo. Mabasi ya Mwanza, Musoma na Sirari, mpakani mwa Kenya, hupita hapa, na lami ya kilometa zipatazo 72 inauunganisha mji na Bariadi, makao makuu ya mkoa. Wenyeji wengi ni Wasukuma, nao Wajita, Wakerewe na Wakurya wamefuata samaki na biashara. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, asubuhi wakaanikwa, kazi inayowategemea sana akina mama. Nyuma ya ufukwe kuna mashamba ya pamba, mpunga, mahindi na choroko.

Kukaa kando ya ziwa hakukumaanisha kuwa na maji safi. Kwa miaka mingi wakazi walichota ufukweni, kwenye hatari ya kichocho na mamba. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya pamoja na Ufaransa uliziingiza Lamadi, Magu na Misungwi katika mpango wa maji wa miji ya ziwa. Ni hatua kubwa kuliko jengo lolote la ofisi lililojengwa hapa.

Tatizo gumu zaidi ni tembo. Huvuka mpaka wa hifadhi na kumaliza shamba kwa usiku mmoja, hasa mazao yanapokaribia kuvunwa. Sheria inatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lakini kwa kanuni za mwaka 2011, shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu, na malipo hayakuvuka ekari 5. Nia ya kuzuia kilimo kwenye mapito ya wanyama inaeleweka. Hata hivyo anayeumia ni mkulima ambaye familia yake haina pengine pa kulima, na malipo yenyewe hayalingani na hasara. Jirani, katika Kata ya Nyatwali huko Bunda, serikali iliamua kuwahamisha wakazi kwa fidia ili wanyama wafike ziwani.

Wanaopanga mipaka ya hifadhi na viwango vya malipo wanapaswa kuwasikiliza kwanza wakulima wa Busega, kabla msimu mwingine wa mavuno haujaliwa.