Kijidudu cha Kipindupindu na Mkia Wake

Mtu akipita ufukoni, huko Tanga au Pangani, akawakuta mafundi wakiunda jahazi, ataona kwamba kazi yao ina taratibu. Kwanza hulazwa mkuku, kisha hufuata mataruma na mbao. Mlingoti na tanga huja mwisho. Fundi atakayeshona tanga kabla ya kulaza mkuku atapoteza fedha na wakati bure. Yafaa tujue kwamba hata kijidudu kisichoonekana kwa macho hufuata taratibu kama hiyo.

Kijidudu chenyewe ni bakteria wa kipindupindu, nacho si kigeni pwani yetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi maradhi haya yalivyoteremka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani mwaka 1869, yakafika Unguja na kuua maelfu ya watu.

Kijidudu hiki ni kidogo sana. 500 wakipangwa mstari mmoja hufanya kama milimita moja tu. Kina mkia mmoja uitwao flajela, nao haupigi huku na huku kama wa samaki, bali huzunguka kama rafadha ya meli. Kwa mkia huo huogelea majini, na kikimezwa hupenya ute wa utumbo mpaka kufika ukutani mwake.

Kuunda mkia ni kazi ya gharama. Jeni zaidi ya 40, yaani maagizo ya kutengeneza protini, zahusika. Kama zote zingefunguliwa pamoja, nguvu nyingi zingepotea. Kwa hiyo jeni zimegawanywa katika madaraja manne. Daraja la kwanza hutoa protini iitwayo FlrA, ambayo ndiyo msimamizi mkuu. Hiyo hufungua daraja la pili, linalotoa sehemu za kwanza za msingi wa mkia pamoja na wasimamizi wadogo. Mmoja wao, FlrC, hufungua daraja la tatu, nalo hukamilisha msingi na kuanza mkia wenyewe. Msimamizi mwingine, FliA, hushikwa na mlinzi aitwaye FlgM asifanye kazi mapema. Bomba la mkia likiisha kutengenezwa, mlinzi hutolewa nje kupitia bomba hilohilo! Hapo FliA huwa huru, na daraja la nne hufunguliwa ili kumaliza kazi.

Je, kijidudu huunda mkia siku zote? La. Majini hupenda pia kujishikiza juu ya wadudu wadogo wa maji, kikakaa huko pamoja na wenzake. Wakati huo kemikali moja huongezeka ndani yake, ikamshika FlrA na kumzuia. Msimamizi mkuu akizuiwa, jeni za mkia hufungwa. Basi kijidudu kimoja chaweza kuwa mwogeleaji leo, na kesho kikawa mkaaji.

Jambo hili latuhusu sana sisi watekao maji mitoni na visimani. Huko Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba akina mama waliochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu karibu nusu. Kitambaa kile kiliwanasa wadudu wa maji pamoja na vijidudu vilivyojishikiza juu yao. Lakini kwa nini nusu tu, wala si chote? Sababu moja ni wale waogeleao peke yao: tundu za kitambaa ni kubwa mno kwao, nao hupita bila taabu.

Basi wenzangu, kuchuja maji kwa kanga iliyokunjwa ni jambo jema, lakini ni nusu ya kazi. Tukiisha kuchuja, tuyachemshe mpaka yatokote, au tuyatie dawa kama ilivyoagizwa. Mwenye mkia na asiye na mkia, moto hauwachagui.