Masasi na Newala: Uliyosikia na Utakayoyakuta

Bila shaka umeshaambiwa: "Kusini hakufikiki." Si kweli. Hayo ni ya enzi za pantoni ya Rufiji, abiria wakilala kando ya mto. Daraja lilifunguliwa 2003, likaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi.

"Masasi na Newala zote ziko juu ya uwanda wa Makonde." Nusu kweli. Newala iko juu. Masasi iko chini, magharibi, kati ya milima ya mawe matupu. Hapo ndipo Askofu Edward Steere, bingwa wa sarufi ya Kiswahili, alipowapa makazi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876.

"Newala hakuna maji." Kweli, kama unazungumzia mito. Udongo wa juu ni kichanga, mvua ikinyesha inazama, maji yanaibukia mabondeni. Mabomba yalianza kufika miaka ya 1950. Kabla ya hapo akina mama walishuka genge na kupanda tena na mtungi kichwani. Hata leo, ingia uani utaona mfereji wa bati ukishuka kutoka paani hadi kisima cha saruji, na ndoo ya kamba pembeni.

Basi kwa nini watu walikaa mbali na maji? Wazee wa Kimakonde husimulia kwamba babu yao wa kwanza aliwakataza wanawe kukaa mabondeni karibu na madimbwi, kwa kuwa kuna maradhi. Wazee walikuwa sahihi: mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Vichaka vya juu navyo viliwakinga na wavamizi wa karne ya 19. Lakini beba chandarua. Malaria ipo na juu pia.

"Mkorosho ni mti wa asili wa huku." Si kweli. Asili yake ni Brazili, ukaletwa na Wareno. Ila usidanganyike kubangua korosho mbichi kwa meno: mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

"Kila Mmakonde anachonga vinyago." Si kweli hata kidogo, wengi utakaowakuta ni wakulima.

"Shimo la Mungu halina mwisho." Si kweli, wala si shimo. Ni ukingo wa uwanda, pale pale Newala: chini bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Ila ukifika asubuhi ya ukungu, bonde lote limefunikwa, utaelewa aliyelipa jina aliona nini.