Lori Dogo Lilingane: Vipimo na Rangi

Hapa Tunduma malori ya kwenda Zambia tunayaona kila siku. Vijana wanaochonga malori ya kuchezea wana mfano mbele ya macho, lakini wengi hukadiria tu: magurudumu hayalingani na kichwa. Mnunuzi huenda asijue kosa liko wapi, ila hulirudisha mezani.

Tunashauri kila kipimo kigawanywe kwa 20. Kontena la futi 40 lina urefu wa meta 12.2 na upana wa meta 2.44, hivyo tela liwe sentimeta 61 kwa 12.2. Gurudumu la meta 1 liwe sentimeta 5. Dereva naye vivyo hivyo.

Rangi ichanganywe na nyeupe kidogo, kwani rangi kali huonekana nzito kwenye kitu kidogo. Ising'ae mno.

Tupime kwanza, ndipo tukate.