"Picha Ilikuwa Nzuri": Tuyasomeje Maoni ya Watazamaji wa Kawaida?



Kila inapotoka picha mpya, khasa ikiwa inagusa kwetu, mazungumzo yetu hufuata njia ile ile. Mmoja anasema "nzuri sana". Wa pili anasema "haina kichwa wala miguu". Wa tatu anatwambia tusijisumbue, tumsome mkosoaji wa gazeti fulani kwa sababu sisi si wataalamu. Halafu anatokea mtu na asilimia aliyoitoa kwenye intaneti, anaiweka mezani kama karata ya turufu, na mjadala umekwisha.

Mimi kazi yangu ni kufundisha takwimu za jamii, na kwa kweli inanikera kuona asilimia inatumika kufunga watu midomo. Maoni ya mtu aliyelipa kiingilio chake, akaketi saa mbili, akatoka, ni ushahidi. Lakini ni ushahidi wa jambo maalumu. Ukijua ni jambo gani, utakufaa, usipojua, utakupoteza. Hebu tuanze na hizo asilimia.

Asilimia si alama

Tovuti ya Rotten Tomatoes ilianzishwa 1998. Ile asilimia yake kubwa inayonukuliwa kila pahala haisemi picha ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wakosoaji wangapi, katika kila mia, walioipendekeza. Ikifika 60 inahesabiwa kuwa imepita.

Chukua mfano. Wakosoaji kumi wanaiona picha ya kwanza, na kila mmoja anaipa 6 juu ya 10, yaani "haya, inatazamika". Wote wameipendekeza, kwa hivyo inapata asilimia 100. Picha ya pili, sita wanaipa 10 kamili, wanne wanaipa 4. Hiyo inapata asilimia 60. Sasa piga wastani: ya kwanza ni 6, ya pili ni 7.6. Ile iliyopata asilimia 100 haikumchoma mtu moyo hata mmoja. Ile ya 60 imewagawa watu, na huenda ndiyo itakayokumbukwa. Anayetuletea asilimia 100 kama ushahidi kwamba picha ni bora kuliko nyengine hajaelewa kinachopimwa.

IMDb nayo, iliyoanza 1990 na kununuliwa na Amazon 1998, inakusanya kura za mtu yeyote, moja mpaka kumi. Lakini hapo pia pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa orodha yao ya picha 250 bora, walitangaza fomula ambayo haichukui wastani mtupu: picha yenye kura chache huvutwa kuelekea wastani wa picha zote. Tuseme wastani wa picha zote ni 7 na uzito wa kuvuta ni kura 25,000. Picha yenye kura 1,000 na wastani wa 9 itateremka mpaka kiasi cha 7.08. Picha yenye kura 500,000 na wastani wa 8.5 itabaki kwenye 8.43. Na juu ya hayo, picha isiyofikisha idadi maalumu ya kura haiingii kabisa katika orodha.

Kitaalamu ni fomula ya busara, maana inazuia marafiki ishirini wa mwongozaji wasiipandishe picha yake mpaka kileleni. Lakini fikirieni maana yake kwetu. Picha ya Kiswahili iliyoonwa na watu wengi wa Tanga, Mombasa na Bujumbura ambao hawana mazoea ya kupiga kura kwenye tovuti hizo, haitafika popote. Tatizo si ubaya wa picha. Watazamaji wake hawakuhesabiwa. Kwa hivyo mtu akisema "mbona hakuna picha ya Kiswahili katika orodha ya bora duniani", jibu la kwanza ni la hesabu kabla ya kuwa la sanaa.

Mlangoni mwa sinema

Kipimo ninachokipenda zaidi ni CinemaScore, kampuni ya Las Vegas iliyoanzishwa na Ed Mintz. Wao hawangoji mtu afungue kompyuta. Usiku wa kwanza wa maonesho wanasimama kwenye majumba ya sinema ya Marekani na Kanada, wanawapa watazamaji kadi: toa alama, kutoka A+ mpaka F, taja umri wako, jinsia yako, na sababu iliyokuleta.

Neno la maana hapo ni "usiku wa kwanza". Anayekwenda usiku wa kwanza si mpita njia. Ni mtu aliyengojea, ameona matangazo, ana hamu. Kwa kawaida atatoa alama nzuri. Basi akitoa F, pana kisa. Solaris ya Steven Soderbergh (2002) ilipewa F. Mother! ya Darren Aronofsky (2017) ilipewa F. Zote mbili zilikuwa na wakosoaji wa kutosha waliozipenda. Kilichotokea ni kwamba mtu aliitwa na sura ya George Clooney au ya Jennifer Lawrence, akatarajia mapenzi angani au picha ya kutisha ya kawaida, akakuta fumbo. Ile F ni malalamiko ya mtu aliyeagiza biriani akaletewa uji. Uji wenyewe unaweza kuwa mtamu.

Upande wa pili, The Lion King mpya ya 2019 ilipata A kwa watazamaji, na wakosoaji waliogawanyika karibu nusu kwa nusu. Wakosoaji waliuliza: kuna jipya gani kushinda ile ya 1994? Wazazi waliowapeleka watoto hawakuuliza swali hilo. Walitaka kuiona tena ile ile pamoja na watoto wao, na wakapata walichokitaka. Hakuna upande uliokosea. Ni maswali mawili tafauti.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: maoni ya mtazamaji wa kawaida hupima umbali baina ya ahadi na kilichotolewa. Mkosoaji hupima picha dhidi ya picha nyengine alizoziona. Ukimsoma mmoja kana kwamba ni mwengine, unaambulia patupu.

Halafu wapo wasioona kabisa. Mwanzoni mwa 2019, kabla ya Captain Marvel kutoka, watu walimiminika kuiponda picha ambayo haijaoneshwa popote. Februari mwaka huo Rotten Tomatoes wakaondoa nafasi ya kutoa maoni kabla picha haijatoka, na mwezi wa Mei wakaanza kutenga maoni ya watu waliothibitishwa kuwa wamenunua tikiti. Ndiyo kusema suala la kwanza la kumuuliza mtoa maoni ni lile la wazee wetu: wewe umeona, au umesikia?

Na sisi je?

Watu wetu wana mila ndefu ya kuijadili picha. Laura Fair ameandika kitabu kizima, Reel Pleasures (2018), juu ya sinema za Tanzania na watazamaji wake, na anayekisoma ataona kwamba picha kama Awara ya Raj Kapoor (1951) hazikuwa burudani ya kupitisha muda tu. Watu walizitumia kujadili mapenzi, heshima, umaskini, na haki ya mzazi juu ya ndoa ya mwanawe. Hawakuwa na nyota za kutoa. Walikuwa na barza, na safari ya kurudi nyumbani kwa miguu.

Hata msamiati tulikuwa nao. "Stelingi hafi" ni utani, lakini pia ni nadharia ya aina ya picha: inakwambia mtazamaji anaijua kanuni, na anangoja kuona mwongozaji ataifuata au ataivunja. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam wakaja watafsiri kama Lufufu na DJ Mark, waliosimulia picha za Kizungu, za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili juu ya sauti yenyewe. Msimulizi wa aina hiyo hatafsiri tu. Anamcheka jambazi, anamuonya stelingi, analeta mifano ya mtaani. Ni ukosoaji unaotolewa papo hapo, picha ikiendelea, na wala hakuna aliyeuita ukosoaji.

Tuchukue lalamiko tunalolisikia mara nyingi hapa kuhusu filamu za Bongo za enzi za marehemu Steven Kanumba: "zinavutwa mno, mtu anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari dakika tatu." Msomi atalipuuza, aseme huyu hana subira ya sanaa. Kumbe lalamiko limegusa penyewe. Filamu nyingi za wakati ule ziliuzwa kwenye diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na kila diski ililipiwa mbali. Hadithi ya saa moja na nusu ilibidi ijaze diski mbili. Mtazamaji hakujua mikataba ya wasambazaji, lakini miguu ya yule mwigizaji ilimwambia.

Au The Last King of Scotland (2006). Forest Whitaker alipata Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, na wakosoaji wa huku walimsifu, kwa haki. Lakini mtu wetu wa makamo aliyeiona atakuuliza mambo mawili: yule daktari wa Kiskoti alikuwepo? Na vita viko wapi? Hakuwepo, Nicholas Garrigan ni mhusika wa kubuni kutoka riwaya ya Giles Foden ya 1998. Na picha inaishia kwenye kisa cha Entebbe cha 1976, kwa hivyo majeshi ya Tanzania yaliyoingia Kampala Aprili 1979 hayamo. Haya si maswali ya mtu asiyejua filamu. Ni ya mtu anayejua kilichoachwa nje, na mkosoaji wa London au New York hana njia ya kuyauliza.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) inaonesha jambo hilo kwa namna nyengine. Aliyeisoma riwaya ya Adam Shafi anaingia na Yasmini wake na Denge wake tayari kichwani. Asiyeisoma anaingia na Unguja ya kadi za posta. Wote wawili wakisema "imenipita kidogo", wanasema maneno mamoja kwa maana mbili. Ukiwawekea nyota tatu tatu na kuzijumlisha, umeipoteza habari yenyewe.

Maswali matano

Nisingependa kuishia kwenye kulalama. Siku nyengine mtu akituambia picha ilikuwa nzuri au mbaya, tusimletee asilimia. Tumuulize:

1. Uliiona wapi, na nani? Picha iliyoonwa ukumbini na watu mia wanaocheka si ile iliyoonwa ndani ya ndege, kwenye kioo cha ukubwa wa kitabu.
2. Ulitarajia nini kabla ya kuingia?
3. Ni wapi ulipochoka, au uliposahau kutazama saa? Hapa mtu hana haja ya istilahi yoyote, mwili unajua.
4. Kipi ulichokijua wewe ambacho waliotengeneza hawakukijua? Lafudhi, vazi, mwaka, jina la mtaa.
5. Ungemwambia nani akaione, na nani ungemwambia asiende?

Swali la tano ndilo bora kuliko yote. Mtu anaweza kusema uongo kwenye nyota ili aonekane msomi, lakini hatamtuma mamake kwenye picha ambayo yeye mwenyewe iliyomchosha.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili? Kwa sababu vijana wanaotengeneza picha za Kiswahili leo wanapata majibu ya namna mbili tu. Majaji wa matamasha ya nje wanawasifu kwa mambo ambayo pengine hata hawayasikii, maana wanasoma maandishi ya chini. Mtaani wanapata "kali sana" au "mbovu". Katikati pako patupu, na hapo katikati ndipo tulipo sisi: tunaisikia lugha, tunaijua nchi, na tuna nafasi ya kukaa chini na kuandika aya mbili. Tukinyamaza, au tukirudia asilimia za wenyewe, picha zetu zitaendelea kupimwa kwa masikio ya wasiosikia Kiswahili.

Basi naomba yeyote aliyeona picha ya Kiswahili mwaka huu, nzuri au mbaya, ajibu hayo maswali matano hapa, kwa Kiswahili, bila ya kuomba radhi kwamba yeye si mtaalamu. Na ukipenda, nenda pia kaipigie kura kule kwenye tovuti. Kura moja haitoshi kuivuta picha kutoka kwenye ule wastani wa hesabu, lakini kura 25,000 nazo huanza na moja.

Nawasilisha.