Picha za Kinshasa Zilizokawia Miaka 34

Itakumbukwa kwamba mwezi Septemba 1974 macho ya walimwengu yalielekezwa Kinshasa, mji mkuu wa nchi jirani iliyoitwa Zaire wakati huo, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mabondia Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wamefika huko kugombea ubingwa wa dunia, na sambamba na pambano lao likaandaliwa tamasha la muziki la siku 3, kuanzia tarehe 22, katika Uwanja wa 20 Mei. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki hawakungoja.

Nyota wa tamasha alikuwa James Brown wa Marekani. Pamoja naye walikuwapo B.B. King, Celia Cruz mzaliwa wa Cuba, Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na wenyeji Franco na Tabu Ley. Wapiga picha za sinema waliwafuata wageni tangu ndani ya ndege, ambamo ala zilipigwa angani. Kwa Wamarekani weusi safari hiyo ilikuwa marejeo: vitukuu vya waliochukuliwa kwa minyororo walirudi kwa hiari yao. Na Celia Cruz hakuwa mgeni kamili, maana Wakongo walikuwa wameusikiliza muziki wa Cuba kwa santuri tangu miaka ya 1930 na 1940, wakaugeuza kuwa wao.

Utawala wa Mobutu nao ulikuwa na hesabu zake. Siasa yake ya uasilia, iliyofuta majina ya Kikristo na kuzivua tai shingoni mwa wanaume, ilitafuta jukwaa la kujionyesha mbele ya dunia. Askari na polisi wanaosikiliza watapima wenyewe gharama ya utulivu ulioonekana uwanjani. Katika filamu When We Were Kings, mwandishi Norman Mailer anasimulia kwamba kabla ya wageni kufika wahalifu walikamatwa kwa wingi, wakafungiwa chini ya uwanja huo huo, na baadhi yao wakauawa. Hayo ni masimulizi yake. Kamera za tamasha zilitazama jukwaani.

Picha zenyewe zilivukishwa bahari, na migogoro ya fedha na haki ikazifungia huko Marekani. When We Were Kings ilitoka mwaka 1996, ikashinda tuzo ya Oscar, lakini habari yake kubwa ilikuwa ngumi. Ilibidi kungojea mwaka 2008 ndipo Jeffrey Levy-Hinte, aliyewahi kuihariri filamu hiyo ya kwanza, alipoyakusanya makopo yaliyobaki na kutengeneza Soul Power. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1974 wakamwona James Brown akitokwa jasho mbele ya umma wa Kinshasa, miaka 2 baada ya kifo chake.

Hata hivyo filamu hiyo ina kasoro isiyofichika. Wageni wamepewa sehemu kubwa ya muda, na wenyeji, ambao uwanja ulikuwa wao, wanapita upesi. Nchini Tanzania Redio Tanzania ilirekodi bendi za nyumbani, zikiwamo zile za majeshi na polisi, na kanda zikabaki Dar es Salaam. Sauti za Wakongo za tamasha lile zilitolewa katika santuri mwaka 2017, kwa juhudi za waandaaji wake, Hugh Masekela na Stewart Levine. Tabu Ley alikuwa amefariki mwaka 2013, na Franco mwaka 1989.