Ulaya yawagombanisha wakulima wa Uingereza na serikali yao

AHADI ni deni. Wakulima na wavuvi wa Uingereza wanaijua vizuri maana ya maneno hayo, kwani kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa wakiidai serikali yao ahadi ilizotoa kuhusu Ulaya, na malipo yamekuwa yakija pungufu au yasifike kabisa.

Mwaka 2024 taasisi ya utafiti wa jamii ya nchi hiyo, NatCen, ilitoa matokeo yaliyowashtua wanasiasa wa vyama vyote. Asilimia 45 ya waliohojiwa walisema ni kama hawaiamini kabisa serikali, iwe ya chama chochote, kwamba inaweza kuweka mahitaji ya taifa mbele ya maslahi ya chama chake. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko vyote tangu swali hilo lilipoanza kuulizwa miaka ya 1980.

Kwa mkulima wa chai wa Kericho, wa maua wa Naivasha au wa mbogamboga wa Arusha, habari hiyo si ya mbali. Uingereza ni mnunuzi wetu, na serikali isiyoaminiwa na watu wake hubadili sera zake mara kwa mara. Ni vyema basi tukatazama imani hiyo ilivyopotea hatua kwa hatua.

Waliulizwa baada ya kuingia

Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya Januari 1, 1973, chini ya Waziri Mkuu Edward Heath. Serikali yake iliwahakikishia wananchi kwamba mamlaka ya msingi ya nchi yao hayataguswa.

Tatizo la kwanza lilikuwa samaki. Mwaka 1970, wakati Uingereza, Ireland, Denmark na Norwei ndiyo kwanza zinaanza mazungumzo ya kujiunga, nchi sita waanzilishi zilikubaliana kwamba meli za kila mwanachama zitakuwa na haki sawa ya kuvua katika maji ya wanachama wote. Waliokuwa na bahari yenye samaki wengi ni wale waliokuwa wanaingia.

Wananchi wa Norwei waliulizwa kwanza. Katika kura ya maoni ya mwaka 1972 walikataa, na uvuvi na kilimo vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Waingereza hawakuulizwa hadi Juni 1975, zaidi ya miaka miwili baada ya kuingia. Asilimia 67 waliunga mkono kubaki, lakini katika bandari za uvuvi yalibaki manung'uniko kwamba samaki wao waliuzwa ili mkataba upite.

Wakulima wao hawakulalamika sana wakati huo. Sera ya pamoja ya kilimo ya Ulaya iliwapa bei nzuri na baadaye ruzuku kwa kila hekta. Aliyeumia ni mlaji, aliyekuwa amezoea siagi na nyama ya bei nafuu kutoka New Zealand na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola.

Kichaa cha ng'ombe

Pigo kubwa kwa wafugaji lilikuja na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Mei 1990, Waziri wa Kilimo John Gummer alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo hambaga, ili kuonyesha kuwa nyama ya ng'ombe wa Uingereza haina madhara.

Miaka sita baadaye, Machi 20, 1996, Waziri wa Afya Stephen Dorrell alilieleza Bunge kwamba inaelekea ugonjwa huo umeingia kwa binadamu. Wiki moja baadaye Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku Uingereza kuuza nyama ya ng'ombe si Ulaya tu, bali popote duniani. Marufuku hiyo ililegezwa Agosti 1999. Zaidi ya ng'ombe milioni nne waliuawa na kuteketezwa ili kuudhibiti ugonjwa huo, na watu 178 nchini humo wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo uliotokana nao.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Phillips ilitoa ripoti yake Oktoba 2000. Ilisema serikali haikuwadanganya wananchi, kwani iliamini kweli kwamba hatari ni ndogo. Kosa lake lilikuwa kuogopa mno taharuki, hivyo ikasisitiza usalama kuliko ushahidi uliokuwepo. Ukweli ulipotoka, watu waliona wamesalitiwa.

Hapo kuna jambo la kuzingatia. Wafugaji walikuwa na hasira mbili kwa wakati mmoja. Waliikasirikia Brussels kwa kufunga soko, na waliikasirikia London kwa kuuficha ukubwa wa tatizo hadi wanunuzi wakakimbia. Kwa miaka mingi iliyofuata, mwanasiasa wa London aliyebanwa alikuwa na jibu jepesi la kutoa: ni masharti ya Ulaya.

Kura ya mwaka 2016

Juni 23, 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni, na asilimia 51.9 wakachagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Walikuwa wamesikia ahadi na vitisho kutoka kila upande.

Kambi ya kutoka ilizunguka na basi lililoandikwa kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ilisema tarakimu hiyo inapotosha, kwa sababu haikuondoa punguzo ambalo nchi hiyo ilikuwa ikipewa tangu Margaret Thatcher alipolipigania mwaka 1984. Kwa upande mwingine, Waziri wa Fedha George Osborne alionya kwamba kura ya kutoka ingeleta bajeti ya dharura ya kupandisha kodi na kukata matumizi. Kura ilipita, bajeti hiyo haikuja, na yeye akaondoka madarakani wiki chache baadaye.

Wakulima nao waliahidiwa na wapiga debe wa kutoka kwamba fedha zao zitakuwepo, kwani nchi itakuwa imeokoa mchango inaoupeleka Ulaya. Chama cha Conservative kiliandika katika ilani yake ya mwaka 2019 kwamba bajeti ya kilimo haitapungua katika kipindi chote cha Bunge lililofuata.

Fungu lilibaki, mlango ukabadilika

Kwa England, fungu hilo lilikuwa karibu pauni bilioni 2.4 kwa mwaka. Lakini kuanzia 2021 malipo ya kila hekta yalianza kupunguzwa mwaka hadi mwaka, yafikie kikomo mwaka 2027. Badala yake mkulima hulipwa kwa kazi za kutunza mazingira, kama kurutubisha udongo, kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji.

Kiuchumi wazo hilo lina mantiki, kwani malipo ya kila hekta humnufaisha zaidi mwenye ardhi kubwa. Tatizo lilikuwa utekelezaji. Mfugaji wa kondoo milimani, ambaye miaka mingine ruzuku ilizidi faida yake yote, aliona malipo ya zamani yakishuka kabla hajajua masharti ya mapya. Kisha Machi 11, 2025 serikali, ambayo sasa ilikuwa ya chama cha Labour, ilifunga ghafla maombi mapya ya mpango mkuu wa ruzuku hizo kwa maelezo kwamba fedha zimekwisha.

Soko nalo lilifunguliwa kwa washindani. Mkataba wa biashara na Australia ulioanza Mei 31, 2023 unaruhusu tani 35,000 za nyama ya ng'ombe kuingia bila ushuru katika mwaka wa kwanza, zikipanda hadi tani 110,000 mwaka wa kumi. Novemba 2022, George Eustice, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya kilimo wakati mkataba huo unajadiliwa, alilieleza Bunge kwamba haukuwa mzuri sana kwa Uingereza. Alisema hayo akiwa tayari ameshaondoka wizarani.

Wavuvi waliahidiwa kurudishiwa bahari yao. Mkataba wa Desemba 2020 uliwapa sehemu ndogo, yaani asilimia 25 ya thamani ya samaki waliokuwa wakivuliwa na meli za Ulaya katika maji ya Uingereza, tena kwa awamu hadi Juni 2026. Mei 2025 serikali ilikubali kuziachia meli za Ulaya ziendelee kuvua kwa miaka 12 zaidi, hadi 2038.

Mfanyabiashara mdogo hakusalimika. Novemba 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaambia wafanyabiashara wa Ireland ya Kaskazini kwamba wakidaiwa fomu za forodha wazitupe kwenye pipa la taka. Tangu Januari 2021 fomu hizo zipo, na anayepeleka nyama au jibini Ulaya anahitaji cheti kilichosainiwa na daktari wa mifugo. Kampuni kubwa inagawanya gharama hiyo kwenye kontena zima, wakati mwenye maboksi kumi ya jibini anaibeba peke yake.

Kodi ya mirathi

Kabla ya uchaguzi wa 2024, wasemaji wa Labour waliwaambia wakulima kwamba hawana mpango wa kugusa msamaha wa kodi ya mirathi kwa mashamba. Oktoba 30, 2024 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kodi ya asilimia 20 kwa thamani inayozidi pauni milioni moja, kuanzia Aprili 2026. Maelfu ya wakulima waliandamana London mwezi uliofuata. Desemba 2025 serikali ililegeza na kupandisha kiwango hicho hadi pauni milioni 2.5.

Kodi hiyo haikutoka Brussels. Ndiyo maana hasira za wakulima safari hii zimeelekezwa London moja kwa moja. Nchi ilipotoka Ulaya, serikali ilipoteza pia mtu wa kumtupia lawama.

Sisi tunajifunza nini?

Mkulima wa korosho wa Mtwara anayekumbuka msimu wa 2018, ilipotangazwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, haoni ugeni katika habari hizi. Bei iliyotangazwa jukwaani na fedha iliyoingia kwenye akaunti ni vitu viwili.

Uhusiano wetu na Uingereza nao unahitaji jicho hilo hilo. Kenya ilisaini na Uingereza Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi Desemba 2020, ulioanza kutumika Machi 2021, hivyo maua na chai yake vinalindwa na mkataba wa pande mbili. Tanzania, ikiwa kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, inaingiza bidhaa zake bila ushuru kupitia mpango ambao Uingereza iliuanzisha Juni 2023 kwa sheria zake yenyewe. Mpango huo una faida na wauzaji wautumie, lakini wakumbuke kwamba aliyeutoa anaweza kuurekebisha peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza ekari au kukopa benki kwa kutegemea soko lililoahidiwa, mkulima na chama chake cha ushirika waulize maswali matatu. Ahadi hii imeandikwa kwenye sheria au mkataba, au ni ya hotuba tu? Inaisha lini? Ikivunjwa, nani atabeba hasara? Jibu la swali la tatu likiwa ni mkulima, basi alime kiasi anachoweza kukiuza hata soko hilo lisipokuja.